Moyo wa Fundi Mitumbwi

Du-du-du-du. Mbio, bila kupumzika, kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Bernadeta alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Alipoyafumbua, alichomoa kipimo cha moyo masikioni akamtazama kijana aliyekaa mbele yake, kifua wazi, macho sakafuni.

"Leo umezidi," alisema.

Zahanati ilikuwa yake. Alipopunguzwa kazi ya uuguzi hospitalini, serikali ikiwa imeshawaruhusu watu binafsi kufungua zao, alikodi vyumba viwili hapa Mkuyuni. Okomo, fundi mitumbwi kutoka Shirati, ndiye aliyekuwa mgonjwa wake mwaminifu kuliko wote. Hospitali kubwa walimpima kwa mashine wakamwambia hana ugonjwa. Bado akarudi, na shikamoo zake mbili mbili. Wagonjwa wenzake kwenye benchi walimcheka: huyu anafuata vidonge kama peremende.

Bernadeta alimuuliza moyo humwenda mbio wakati gani. Akipiga randa? Hapana. Akipandisha mbao mlimani? Hapana. Nyumbani hulala fofofo. Hali hiyo humjia akiwa njiani kuja hapa. Viganja vinalowa, pumzi inakatika.

"Basi huo ni wasiwasi. Moyo wenyewe mzima kabisa. Una jambo gani, mwanangu?"

Okomo alieleza kwa taabu, akiongea na viatu vyake. Kuna binti. Amemtaka ajitambulishe mwenyewe kwa mama yake kwanza, ndipo wazee watumwe. Binti amechoka kusubiri. Wiki hii ikipita, asimtafute tena. Lakini kwao Okomo mama mkwe hatazamwi usoni ovyo, na huyu anasifika kwa ukali.

Bernadeta alicheka mpaka kofia ikamlegea kichwani. Akaichomeka upya, akavuta kopo la vidonge karibu, kwa mazoea tu.

"Mwanaume mzima, na misuli yote hiyo, unamwogopa mama wa watu? Nenda kwake leo hii. Akikufukuza, nitamfuata mimi mwenyewe nikamfundishe adabu."

Okomo alifunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua macho.

"Nimeshakwenda sana, mama. Kila nikifika ananipima moyo, ananipa vidonge, narudi nyumbani. Lakini leo nakuahidi, vidonge sipokei."