Macho ya Mtangazaji

Simu ya mdogo wake ilimkuta mtangazaji kwenye kiti cha mpambaji, vijiko viwili vilivyotoka kwenye friji vikiwa vimegandamizwa chini ya macho yake.

"Dada, mama ametutoka."

Wiki nzima alikuwa akilala ameketi kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, na chini ya macho palikuwa pamemvimba kama mtu aliyepigwa ngumi. Bosi alishamwambia waziwazi: akionekana tena na uso ule, kiti chake kitapata mwenyewe mwingine.

Akaishusha simu. Mpambaji, aliyesikia kila neno, akamshika kidevu.

"Pole sana, dada yangu. Lakini usilie. Ukilia sasa hivi yatavimba upya, na hakuna poda itakayoyaficha."

Mtangazaji akainua uso kutazama dari, akauma ulimi hadi akaonja damu. Machozi yakafika ukingoni, yakarudi.

"Lete vijiko vingine," alisema. "Hivi vimeshapata joto."

Akasoma habari, akatabasamu palipohitaji tabasamu. Nyuma ya kioo, bosi akamwonyesha dole gumba.

Alipofika nyumbani, wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, macho yamewaiva kwa kulia. Televisheni ilikuwa bado inawaka. Mama mkubwa, dada wa marehemu, akaja mlangoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumkagua jicho moja, kisha jingine.

"Umependeza," alisema, akageuka, akarudi kukaa.