Sura ya Tisa

Mzee kipofu aliingia maktaba asubuhi, akagonga meza kwa fimbo, na kabla ya lolote akamuuliza mkutubi jina lake. Lote, majina matatu.

"Anayenisomea lazima nimjue," alisema. "Sauti tupu hainitoshi."

Mkutubi akacheka, akayataja. Ndipo mzee akasema alichofuata: kile kitabu kinene cha vita, cha marais na majenerali, chenye habari za daraja.

Kicheko kikamkauka. Kitabu hicho alikuwa amekiweka miaka mitatu kwenye rafu ya vinavyosubiri kushonwa, ingawa hakikuwa na hata uzi uliolegea.

"Kiko kwenye matengenezo, mzee wangu."

"Nisomee hivyohivyo kilivyo." Mzee akaikunja kofia yake kifuani. "Mwanangu alibaki pale darajani. Tuliambiwa adui ndiye aliyelilipua vijana wakiwa katikati. Sasa nasikia mwandishi amefukua nyaraka. Niahidi hutaruka hata neno."

Mkutubi akaahidi, akaenda kukileta.

Tangu hapo, kila asubuhi mzee alimsalimu kwa majina yake yote matatu, kama msimamizi anayeita watahiniwa, kisha akavuta kiti. Walisoma marais wakipeana mikono, mataifa yakivunja mikataba, majenerali wakisogeza bendera ndogondogo juu ya ramani.

"Wakubwa hawa," mzee aliguna, "utadhani wanacheza drafti."

Siku ya kumi wakafika sura ya tisa. Sauti ya mkutubi ikakatika.

"Kumbe nawe una mtu wako pale?" mzee aliuliza.

"Baba yangu. Alikuwepo darajani siku ile. Nyumbani hatukuwahi kulizungumza."

"Pole, mwanangu." Mzee akapapasa mezani hadi akaupata mkono wake, akaushika. "Basi msiba wetu mmoja. Ukishindwa, funga tu. Sitakulaumu."

Mkutubi akautazama ukurasa. Angeweza kuruka mstari mmoja tu, nani angejua?

"Niliahidi," akasema.

Akasoma. Adui alikuwa bado mbali, mwendo wa nusu siku. Vijana mia mbili walikuwa juu ya daraja, wakirudi, wengine wamebeba majeruhi mgongoni. Ng'ambo ya huku kanali wao wenyewe aliingiwa na hofu, akaamuru baruti iwashwe.

Mzee akainamisha kichwa, bado ameushika mkono wa mkutubi.

"Wamemtaja huyo kanali?"

"Wamemtaja."

"Soma."

Mkutubi akalisoma jina la kanali, taratibu, bila kuruka herufi. Yalikuwa majina yale mawili ya mwisho katika salamu ya mzee ya kila asubuhi.

Mkono wa mzee ukauachia wake.