Jina Kwenye Orodha ya Mbolea

"Mama, nifute jina la mzee niandike lako?" karani wa mbolea ya ruzuku alimuuliza Elmina.

Ukungu wa vilima vya chai vya Kapsoit uliingia ghalani ukatanda juu ya magunia. Kila msimu serikali ilimtumia marehemu mumewe ujumbe aje achukue mbolea, na kila mara simu yake ilipolia, Elmina alisikia harufu ya koti la mumewe lililolowa umande, kana kwamba amesimama mlangoni.

"Shemeji, wacha jina la ndugu yangu," kakake marehemu alisema kwenye foleni. "Wewe kazi yako ni kuchuma tu. Shamba ni letu."

Elmina alitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani chai.

"Futa," alimwambia karani, akaweka kitambulisho chake mezani.