Kura Mbili za Mpinzani

Hamduni aliivuta ramani ya matokeo kwa vidole viwili mpaka kituo chao cha kura kikajaa kwenye simu. Hapo walipiga kura watu wa ukoo wake peke yao, na wote walikuwa wamemwapia kaka yake, mgombea.

“Mpinzani kapata kura mbili!” alifoka. “Wasaliti wawili, humu humu kwetu! Mama, unayaona haya?”

Zawena, mkewe, alikificha kidole chenye wino ndani ya khanga. Kura moja aliijua, maana ilikuwa yake. Ya pili je?

Akainua macho taratibu. Mama mkwe alikuwa akikoroga chai, akikoroga tu, na kopo la sukari lilikuwa bado halijafunguliwa.