Medali ya Zawena

Siku hizi kwenye mbio za pikipiki, sheria inataka mpandaji aweke mikono mapajani, mashine ijiendeshe. Mjukuu wangu Zawena, aliyeifundisha yake kona zote mpaka goti likachunika kwenye lami, jana kashinda akiwa amekaa kama gunia la mkaa. Medali wakaivisha pikipiki!

"Kitendawili!" nikamwambia jikoni, nimchangamshe.

"Tega, Bibi."

"Ana mikono miwili, hana kazi nayo."

Hakucheka. "Hicho si kitendawili. Ni mimi."

Nikatoka uani nimefura, nikaichomoa medali kwenye usukani wa lile lichuma, nikaitupa chooni.

"Bibi!" Sauti ya Zawena ikaniita nyuma yangu.

"Abee, mwanangu."

Nikageuka. Palikuwa na pikipiki tu, taa imewaka.