Tone Lililokataa Kuzama

Mama mkwe alichomeka kidole kwenye tuta la vitunguu, kikatoka na vumbi kavu kama unga.

"Si nilisema? Mdomo anao, ndoo hana!"

Mkamwana wake, aliyeapa kwamba humwagilia kila asubuhi, alikuwa chumbani akifunga virago. Kuitwa mvivu kulikuwa kumemfika shingoni.

Mama mkwe akamalizia vyombo, kisha akabeba ndoo mwenyewe, mikono bado ina povu la sabuni, akamimina.

Maji hayakuzama. Yalijiviringa, yakavaa vumbi, yakateremka tutani kama shanga zilizokatika uzi, mpaka mtaroni.

Tone moja likabaki. Akapiga magoti. Lilikaa juu ya udongo, duara kamili, limebeba taswira ya mkaratusi mzima unaopukutisha majani yake ya mafuta tutani, na kipande cha mbingu. Makubwa! Miaka arobaini ya jembe, hajawahi kuona ardhi yenye kiu ikikataa maji.

Akaligusa kwa kidole chenye povu. Tone likalegea, likatandaa, udongo ukalinywa lote, ukawa mweusi.

Nyuma yake geti likalia.

"Rudi, mwanangu!" akaita, magoti yangali kwenye vumbi. "Kumbe mvivu ni udongo."