Kicheko cha Mtihani

Vinasasauti vya siku hizi vikishachukua sauti, kitu chenyewe hubaki bubu daima. Ndiyo maana nyumbani kwa kina Tunu mlango ulifunguka kimya na kikaango kilikaanga vitunguu bila kuchachatika. Sauti hizo zilikwisha kwenye mazoezi yake ya chuo cha filamu.

Sasa ulibaki mtihani wa mwisho: filamu fupi ya mwanamke anayecheka, na watahini walitaka kicheko cha kweli.

“Chukua changu,” mama yake alisema. “Mimi nimeshacheka vya kutosha.”

“Mama, acha utani. Nitakitengeneza kwa mikono yangu.”

Siku tatu Tunu alitikisa choroko kwenye kifuu, akakwaruza chanuo, akapuliza chupa.

“Huyo mbuzi ana kwikwi!” mama alisema, akacheka hadi akashika ukuta.

Asubuhi ya nne Tunu alikuta kinasasauti mezani, taa yake nyekundu ikiwaka kuonyesha kimeshachukua sauti. Alimkimbilia mama jikoni.

“Usininunie,” mama alisema. “Nataka ufaulu, mwanangu. Haya, niigizie yule mbuzi wako.”

Tunu akaigiza. Mdomo wa mama ukafunguka, mabega yakatikisika, machozi ya furaha yakamtoka. Hapakusikika kitu.

Tunu alichukua kamera, akapiga magoti, akaisogeza taratibu mpaka uso wa mama ukajaa kwenye kioo.

“Na sauti, je?” mama aliuliza. “Si utaiweka baadaye?”

“Siiweki. Cheka, mama. Na watahini wakusikie kwa macho, kama ninavyokusikia mimi.”